Kabla Wodi Haijabomolewa

Machi 9

Valarie, mjukuu wangu, nianze na wewe kabla sijaanza na mambo mengine. Ulisema Krismasi. Nilikuuliza mara mbili, Krismasi hii? Ukasema ndiyo, Kukhu, hii hii. Sasa ni Machi. Krismasi nilioga, nikajipaka mafuta, nikakaa kwenye benchi la nje tangu chai ya asubuhi mpaka wakaleta ugali wa jioni, na hata nzi ninayemjua hakuja. Mwaka mpya hivyo hivyo. Miguu yako imevunjika? Kutoka Maseno hadi hapa Kisumu kumekuwa mbali kuliko mbinguni?

Daftari hili ni lako. Uliliacha siku ile ya Novemba mlipoletwa na walimu wenu wa chuo kututazama, mmejipanga mlangoni na makoti meupe. Uliponiona ulipiga nduru na kuanguka magoti. Nikasema moyoni, ona furaha ya mtoto huyu, ameonana na Kukhu, nyanya yake, baada ya miaka. Ulikaa nami saa nzima ukinishika vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kilichopungua. Kurasa tatu za kwanza umeandika majina ya dawa. Zilizobaki ni zangu.

Na usishangae kwamba naandika. Shule sikuenda hata siku moja. Baba yangu alisema msichana atasoma jikoni. Herufi nimefundishwa hapa hapa wodini na Mwalimu Elsie wa kitanda cha dirishani, kwa kijiti kwenye mchanga wa uani, miaka minne. Nikikosea, funga jicho moja uendelee.

Machi 13

Joto. Wadudu wa ziwa wamejaa kwenye taa kama moshi. Mvua inanukia tu, haiji.

Machi 17

Daktari Njuguna ametukusanya. Ni kijana wa Nyeri, mwembamba, anaongea Kiswahili taratibu kama mtu anayevuka matope na viatu vipya. Amesema wodi hii itabomolewa ijengwe upya. Amesema wanawake kumi na mmoja tumepona, wengine tulipona zamani, na hospitali si nyumba. Kila mmoja aende kwao kabla ya mwisho wa Juni. Lakini jamaa aje mwenyewe, atie sahihi. Asiye na wa kumtilia sahihi atapelekwa kwenye nyumba ya wazee upande wa Machakos. Gari litakuja Juni tarehe thelathini.

Nikamuuliza kama huko Machakos kuna mtu hata mmoja anayejua Kibukusu. Akacheka. Kisha akaona sicheki, akaandika kitu.

Wacha nikuambie nilivyofika hapa, kwa sababu ulikuwa mdogo, na watu wazima husema mambo haya wakiwa wametazama pembeni. Babu yako alipokufa niliacha kulala. Nilikuwa nasikia trekta yake ya miwa ikirudi nyumbani Muhoroni, kila saa, nami natoka kumfungulia geti. Siku moja nikachoma jiko langu, nyasi na kila kitu, nikitaka apate mwanga wa kuona njia. Hiyo ndiyo kweli. Baba yako alinifunga kamba, akanileta na pikapu. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefunga kamba mbili.

Lakini hiyo ni miaka tisa sasa. Sindano moja kwa mwezi, kidonge kimoja jioni. Trekta ilinyamaza mwaka wa pili. Mwaka wa tatu daktari aliyekuwa hapa kabla ya huyu aliandika kwamba niende nyumbani. Baba yako akaja, akasema ananijengea nyumba, tungoje kidogo. Baadaye ikaja corona na sijamwona tena. Anajenga nini, mnara?

Machi 20

Sista Milka, muuguzi wetu, amepiga simu ya baba yako. Haipatikani.

Machi 21

Haipatikani.

Machi 24

Haipatikani. Mvua imeanza. Imepiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono.

Aprili 2

Namba ile sasa ni ya mtu wa Eldoret anayeuza viatu. Ameshachoka na Sista Milka. Amemwambia akitaka viatu aseme, asipotaka amwache.

Aprili 6

Wawili wameondoka. Mmoja kachukuliwa na mwanawe, mwingine na dada yake aliyekuja na nguo mpya kwenye mfuko wa karatasi. Walipotoka hawakugeuka. Nimebaki nikitazama mfuko ule wa karatasi waliouacha kitandani. Tumebaki tisa.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Nimegombana na Mwalimu Elsie. Ni mwanamke wa kujivuna. Alifundisha Kombewa miaka ishirini kabla hajaugua, na mpaka leo anatembea wodini kama anasimamia mtihani. Huniita mwanafunzi, mimi niliyemzidi kwa miaka kumi. Leo amechukua daftari hili bila ruhusa, akasahihisha ukurasa wa kwanza, kisha akasema, "Mwanafunzi, huyo mjukuu unamwandikia bure. Wa kuja huja. Asiyekuja naye amekwisha sema."

Nikamwambia yeye ndugu yake anakuja kila Pasaka na mkate, na yeye hamtaki ndugu huyo, basi asinifundishe habari za watu. Hatuongei.

Aprili 20, Pasaka

Mvua tangu kanisani. Wageni wachache, wangu hakuna. Wametupa wali na nyama. Elsie ameweka nyama yake kwenye sahani yangu, akaenda zake bila neno. Hajui kuomba msamaha kwa mdomo huyo. Nimekula.

Aprili 29

Bati linavuja juu ya kitanda changu. Nimekisukuma mpaka ukutani, kimefuatwa. Tumebaki saba.

Mei 5

Sista Milka ana siku mbili za mapumziko, na dada yake ameolewa upande wa Muhoroni. Amesema ataulizia kwetu. Hakuna aliyemtuma. Nimemwelekeza: ukishapita reli fuata barabara ya matrekta katikati ya miwa, usikate kushoto hata ukiambiwa, uliza kwa mwanangu Wakhisi wa trekta, kila mtu anamjua. Nikamwambia wakikupa kuku ukubali, usinitie aibu.

Mei 8

Sista amerudi. Ameingia wodini jioni na gumboti zina matope mpaka magotini, akaanza kugawa vidonge bila kuzivua. Changu akakiangusha. Huyu ni mtu ambaye miaka sita sijamwona akiangusha kitu. Nikamshika mkono, nikamkalisha kitandani kwangu.

"Sema," nikamwambia.

"Mama, nimefika kwenu. Wako wazima."

"Hayo ni ya kusema mlangoni. Sema yaliyokuangushia kidonge."

Akatazama chini. "Kwenu kuna kaburi."

"La mzee wangu. Nililia mimi mwenyewe."

"Yapo mawili, Mama. La pili lina msalaba, na msalaba una jina lako."

Nikuandikie alivyonieleza, maana najua wewe unajua na ulikuwepo. Mwaka ule wa corona ziwa lilipanda. Sisi wanawake tulikuwa jengo la chini, karibu na maji, na maji yalipoingia chini ya vitanda wakatuhamishia huku juu asubuhi moja, mbio mbio. Baba yako akaja kuniangalia. Akakuta wodi imejaa maji mpaka madirishani, na mtu mmoja amekaa kwenye mtumbwi mlangoni anavua samaki. Akamuuliza wanawake wako wapi. Yule mtu akasema walikwisha, corona imewamaliza, serikali imewazika kwenye mifuko ya plastiki na hakuna jamaa aliyeitwa. Baba yako hakwenda ofisini kuuliza. Hakupanda hata ngazi kumi na tano za kuja huku, ambako nilikuwa nimekaa nakunywa uji. Alimwamini mvuvi.

Akarudi nyumbani. Na kwa sababu mwili haukupatikana, wakafanya kama watu wetu wanavyofanya: wakakata mgomba wa urefu wangu, wakaufunika blanketi, wakaulaza sandukuni, wakaulilia na kuuzika pembeni ya babu yako.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Sista akaanza kutazama kabati la sindano. Nikamwambia tulia, nacheka cheko la mtu mzima. Mgomba! Walipimaje urefu? Nani alisema, Kukhu alikuwa mrefu kidogo, ongezeni?

Kisha ugali ulipokuja niliurudisha.

Sasa nimeelewa nduru yako, Valarie. Haikuwa furaha. Uliona maiti imeshika kikombe cha chai. Na vile vidole ulikuwa unatazama kama vina joto.

Lakini sikiliza. Ulipokwisha kuona vina joto, ulijua. Tangu Novemba unajua kwamba mimi ni mzima, na kwamba kule nyumbani nimewekewa msalaba. Hukuniambia. Ukaniahidi Krismasi ukanitazama usoni, na hukuja. Hapo ndipo nimekasirika. Mvuvi yule alikuwa mgeni. Wewe nilikubeba mgongoni.

Mei 9

Sitaki kuandika.

Mei 12

Mvua. Sitaki.

Mei 15

Daktari Njuguna ameniita. Amesema kwa sheria hakuna shida, karatasi zote zinasema niko hai. Nikamwambia daktari, kwa karatasi niko hai, kwa watu nimeliwa matanga. Akauliza kama jambo kama hili lina dawa kwetu. Nikamwambia mgomba una dawa. Anachinjwa kondoo, mgomba unafukuliwa, wazee wanasema maneno yao, basi. Nilipokuwa msichana aliwahi kurudi mtu hivyo kutoka vitani, akaishi akazaa watoto sita. Kwa hiyo mgomba peke yake haumzuii mtu kuja kumwona mama yake. Kuna jambo lingine.

Daktari akasema, "Labda ni aibu." Ana akili kijana huyu. Lakini Wakhisi nimemzaa mimi. Akiwa na aibu huja na sukari kilo mbili.

Sista amepata namba yake ya kweli. Amempigia mbele yangu. Akasema atakuja, mvua ikipungua.

Mei 21

Haijapungua. Barabara ya Ahero wanasema maji yamekatiza. Tumebaki watano.

Mei 23

Ndugu yake Elsie amekuja akatia sahihi. Atamchukua Ijumaa ijayo. Wodi nzima tumempigia makofi. Yeye amekunja nguo zake, akazikunjua, akazikunja.

Mei 29

Leo, saa nne asubuhi, katikati ya mvua, Mwalimu Elsie ametoka uani akavua nguo zote. Akapanga watoto ambao hawakuwepo, mistari miwili, akawaimbisha. Aliyechelewa akamchapa hewani. Wauguzi walimfunika blanketi, akang'ata mmoja. Nilikimbia na leso yangu nikamfunga kiunoni, akanitazama kama hanijui. Nimelia, Valarie. Miaka sita hajaugua hivyo. Kesho angekwenda nyumbani.

Daktari amefuta safari. Sindano. Amelala.

Mei 31

Ameamka. Nimemlisha uji kwa kijiko. Wauguzi walipotoka akanishika mkono, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Mwanafunzi, usilie. Nilikuwa najua kila kitu. Nilivua viatu kwanza, nikaviweka pakavu."

Nikatazama chini ya kitanda. Viatu vipo, vikavu, vimeelekea mlango.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa ndugu yake kuna chumba nyuma ya jiko, chenye kitasa cha nje. Alikwisha kukaa humo. Huko atakuwa mgonjwa wa nyumba mpaka afe, watoto wakipita wanapunguza sauti. Hapa ni Mwalimu. Hata Machakos, akasema, kutakuwa na mtu asiyejua kusoma.

Nilidhani ni mwanamke wa kujivuna. Kumbe kile ndicho kitu pekee alichobaki nacho, akakishika kwa meno. Siri yake sijampa mtu ila wewe. Usipoinyamazia nitakujua.

Juni 7, Jumamosi

Baba yako amekuja.

Mvua ilikuwa nyembamba. Sista alinitoa mpaka kwenye benchi la barazani. Wakhisi amesimama uani, hatua kumi, chini ya mwavuli, amevaa koti la babu yako. Amenenepa shingo. Hakukaribia.

"Njoo unisalimu," nikamwambia.

"Mama, nakusalimu hapa hapa."

"Mimi sina ugonjwa wa kuruka."

"Si ugonjwa, Mama."

Basi nikaamua nimfungue mimi, maana ukimngoja Wakhisi aanze utangoja mpaka miwa iote maua. Nikamuuliza nilikufa na nini. Akasema corona. Nikamuuliza nani alinilaza sandukuni. Akasema yeye mwenyewe. Nani alilia sana? Akafikiri, akasema ni Shangazi yako wa Kitale.

"Huyo ana deni langu la sufuria," nikasema. "Mlichinja nini?"

"Yule ng'ombe mwekundu."

"Mlinichinjia mwekundu na sikuonja hata supu."

Hapo akacheka, na alipocheka machozi yakatoka, mwavuli ukapinda, mvua ikamnyeshea. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili na nilitaka kumfuta pua. Nikasimama. Akarudi nyuma hatua mbili. Mama yeyote asione hivyo. Nikakaa.

Ndipo akasema. Sasa naandika aliyoyasema, na wewe utaona kama amesema sawa.

Kwamba Novemba ile ulikuwa na mimba ya miezi sita chini ya lile koti jeupe, na mimi mwenye macho sikuona. Kwamba ulikwenda nyumbani ukamwambia baba yako niko hai, naye akakwambia ungoje, azungumze na wazee kwanza, na mwenye mimba asirudi kumtazama aliyekwisha zikwa. Kwamba Februari umejifungua msichana. Kwamba mtoto alilia siku tatu, hanyonyi, amekauka mdomo, na wakafanya kama tunavyofanya, wakamtajia majina ya waliokufa, mmoja mmoja, waone atatulia kwa nani. Wakataja bibi zako wengine wa pande zote. Hakutulia. Shangazi yako, ambaye hakuambiwa kwamba niko hai, akasema, mbona hamjamtaja Nabututu? Akalitaja jina langu. Mtoto akanyamaza, akashika titi.

Sasa yupo, ana miezi minne, anaitwa Nabututu.

"Mgomba tutafukua, Mama," Wakhisi akasema. "Mzee Mukhwana wa ukoo amesema hata kesho. Lakini jina la mfu amepewa mtoto, na mfu si mfu. Mwenye jina akiingia kwenye lile boma, wawili wenye jina moja lililotoka kaburini, wazee wanasema mmoja atamvuta mwenzake afe. Wewe umekula miaka yako. Mimi ningekuja kukuchukua na hofu yangu hivyo hivyo. Ni Valarie anayekataa. Amesema hatamweka mtoto wake kwenye mzani."

Niliuliza baba wa mtoto yuko wapi. Akatazama ziwa. Basi.

Aliacha mfuko barazani akaenda. Sukari, kilo mbili.

Juni 8

Nilikuandikia maneno mabaya Mei tarehe nane. Sijayafuta, kwa sababu niliyasema. Lakini yasome ukijua kwamba leo sioni aibu tu, naona aibu na fahari. Ulimkinga mtoto. Nani alikufundisha hivyo kama si watu waliokulea?

Juni 9

Sikulala vizuri. Sista ameniuliza kama nasikia trekta. Nikamwambia la. Ni kweli, la.

Juni 10

Tumebaki watatu. Mimi, Elsie, aliyetulia na kuandikwa gari la Machakos maana ndugu yake ameogopa kumchukua, na mama mmoja wa Kisii ambaye haongei.

Juni 12

Nikuambie jambo ambalo sikumwambia daktari.

Leo nilitoka uani wakati wa mvua. Nilikuwa nimefikiria siku nne. Nikasema, wazimu ni nguo ninayoijua kuivaa. Niliivaa miaka miwili, najua vifungo vyake vyote. Nikipiga kelele leo, nikimwita babu yako, nikitaka kiberiti, Daktari Njuguna atafuta jina langu kwenye orodha ya waliopona. Nitabaki mgonjwa. Watanihamisha na wagonjwa. Wakhisi atapumua. Mtoto atakaa na jina lake, salama, na hakuna atakayelazimika kukataa mtu. Wewe ungeambiwa, Kukhu amerudia, na ungelia kidogo, na ungepona.

Nilifungua kitambaa cha kichwa. Nilivua kiatu kimoja.

Halafu nikamwona Elsie dirishani. Hakunizuia. Alinitazama tu, kisha akashusha macho, kama mwalimu anayemwona mtoto mzuri akiiba jibu. Nikabaki na kiatu mkononi, mvua inaingia shingoni. Nikajiuliza, Nabututu, ukifanya hivi umempa mtoto nini? Umempa jina la mwendawazimu aliyefia wodini. Atakua na hilo. Siku akikasirika kidogo watatazamana, watasema, ni jina. Akikosa usingizi siku mbili watatafuta kamba.

Nikavaa kiatu.

Juni 14

Nimefikiri vizuri, nikiwa nimeshiba.

Wafu hawaulizwi kama wanataka kutoa majina yao. Wanatajwa tu, na mtoto akitulia tunasema wamekubali. Mimi niko. Mimi naweza kuulizwa. Kama jina ni langu, na kila mtu anaogopa kwamba ni langu, basi ni nani mwingine mwenye haki ya kulitoa? Nalitoa. Silikopeshi. Nalitoa lote, nabaki bila. Sikuwahi kusikia mtu aliye hai akifanya hivyo, lakini pia sikuwahi kusikia mtu aliyezikwa akila ugali na omena.

Nimemwomba Sista ampigie Wakhisi, aende kwa Mzee Mukhwana na neno hili.

Juni 16

Hakuna jibu.

Juni 18

Hakuna. Mafundi wamekuja wakapima wodi kwa kamba, wakapaka alama nyekundu ukutani juu ya kitanda changu.

Juni 19

Hakuna. Kikohozi.

Juni 22, Jumapili

Baba yako amekuja tena. Safari hii hatua tano.

Mzee Mukhwana alikaa na neno langu siku nne. Hakulijua, na hakujifanya analijua, ndiyo maana namheshimu. Amesema hivi: kama mwenye jina analitoa mwenyewe kwa mkono wake, akiwa na akili yake, mbele ya mtu, hakuna atakayelidai. Lakini lazima litolewe kabla hajakanyaga boma. Na mtoto aletwe na mama yake, awekwe mikononi na mama yake, kwa hiari. Akilazimishwa, haina maana. Baada ya hapo hakuna anayeweza kuniita Nabututu mpaka siku nitakayozikwa kweli, na hata siku hiyo wasiliandike msalabani.

Nikamuuliza Wakhisi ulisema nini uliposikia. Akasema ulimchukua mtoto ukaingia ndani.

Daktari Njuguna alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Akasema karatasi ya sheria itabaki na jina langu la zamani, karatasi haina roho. Kisha akaniuliza polepole kama naamini kweli kwamba mtoto angedhurika. Nikamwambia daktari, hiyo si hesabu yangu. Mtoto wa miezi minne atapata homa tu, siku moja, kama watoto wote. Siku hiyo watamtazama nani? Nataka siku hiyo mama yake anitazame na kusema, Kukhu, nishikie, nichemshe maji.

Juni 24

Gari la Machakos limethibitishwa kuja Jumatatu. Elsie amepanga nguo zake, na safari hii hakuzikunjua. Amenipa kijiti chake. Nimemwambia Machakos watampenda, wasipompenda awachape.

Mama wa Kisii amechukuliwa na mume wake. Alipotoka aliongea. Alisema, kwaherini.

Juni 25

Mvua imekatika. Jua limepiga kwenye alama ile nyekundu. Nimetayarisha mfuko wangu na sijui ni wa kwenda wapi.

Juni 26

Valarie. Baba yako amekuja kuchukua daftari hili, yuko barazani, amekaa benchi moja nami, upande wa mbali. Ameshatia sahihi. Imebaki wewe, na sitakudanganya kwamba haijabaki wewe.

Soma lote. Nimekutukana mwanzoni na katikati, na kila tusi nililiandika kwa mtu niliyekuwa namngoja. Usipokuja Jumamosi hii tuliyopanga na baba yako, sitakulaani. Nitapanda gari Jumatatu na Elsie, nitajifunza Kikamba, na huyo mtoto nitampa jina hata kutoka huko, kwa mdomo, njiani. Mzee Mukhwana anasema haitoshi. Mimi nitalisema hivyo hivyo.

Lakini ukija, fanya hivi. Njoo asubuhi kabla jua halijawa kali kwa mtoto. Baba yako abaki nje, asikusukume, asikubebee. Mnyonyeshe njiani ashibe, asije akalia mbele ya huyu daktari, naye akafikiri ni mambo ya jina. Mfunge mgongoni mwenyewe. Ukinikaribia na moyo ukakataa, geuka uende, sitakuita. Ukikubali, mfungue mwenyewe, umweke hapa.

Na getini askari atakuuliza umekuja kumwona nani, aandike kwenye kitabu chake. Usimtajie Nabututu. Nabututu utakuwa umembeba. Mwambie umekuja kumchukua Kukhu wako.